UZI: Stesheni Kuu ya Leipzig, serikali mbili chini ya paa moja

Mtembea_Reli (mwanzisha uzi) · #1

Wakuu, habari za Jumapili.

Mwaka wangu wa kwanza hapa Leipzig, Ujerumani, nilipatana na ndugu yangu mmoja, aliyekuwa anakuja na treni kutoka Halle, kwamba tukutane stesheni, chini ya ngazi kubwa, kwenye ukumbi wa kuingilia. Ilikuwa Januari, baridi ya kukata masikio. Nikafika mapema, nikasimama chini ya ngazi. Zikapita dakika 10, zikapita 20. Nikampigia. "Uko wapi?" "Niko chini ya ngazi." "Mbona na mimi niko chini ya ngazi?" Tukabishana hivyo mpaka nikaamua kutoka nje na kutembea kando ya ukuta, ndipo tukaonana. Kila mtu alikuwa amesimama chini ya ngazi yake, kwenye ukumbi wake, na kumbi zenyewe zinafanana kama Kurwa na Doto. Kimo kilekile, madirisha yaleyale, ngazi pana ileile inayokupandisha kwenye majukwaa.

Swali likanikaa kichwani: nani anajenga stesheni moja halafu anaiwekea milango mikuu miwili iliyo pacha? Sasa nimeishi hapa miaka kadhaa, napita pale karibu kila siku nikienda kazini, na jibu la swali lile ndilo lililonifanya niipende stesheni hii. Nitaandika kwa vipande, mnivumilie.

Tuanzie mbali kidogo. Leipzig ni mji wa wafanyabiashara tangu zamani. Mwaka 1497 Mfalme Maximilian, baadaye Kaisari, aliuthibitishia haki ya kufanya maonyesho ya biashara, na kwa karne nyingi watu walikuja hapa na manyoya, nguo na vitabu kutoka pande zote, Poland na Urusi wakiwemo. Mji wa namna hiyo hauwezi kuridhika na barabara za matope. Ndipo akatokea mchumi mmoja, Friedrich List, aliyekuwa ameishi Marekani na kuona reli kwa macho yake. Mwaka 1833 akachapisha kijitabu akieleza kwamba reli za Saksonia, ufalme uliokuwa na Leipzig ndani yake, ziwe msingi wa mtandao wa Ujerumani nzima. Wenye mtaji wa Leipzig wakamsikiliza. Tarehe 24 Aprili 1837 kipande cha kwanza kikafunguliwa, kifupi tu, mpaka kijiji cha Althen. Tarehe 7 Aprili 1839 treni zikaanza kwenda hadi Dresden. Hiyo ndiyo reli ya kwanza ya masafa marefu Ujerumani.

List mwenyewe hakufaidi. Mwaka 1846 alijiua huko Kufstein, Austria, akiwa mgonjwa na amekata tamaa. Mimi huwa naumia nikimfikiria, maana kila treni inayoingia hapa ina mkono wake ndani.

Baada ya hapo kila kampuni ikajenga reli yake na stesheni yake. Upande wa kaskazini, zikiwa zimebanana, kulikuwa na Dresdner Bahnhof (Bahnhof ni stesheni), Magdeburger Bahnhof na Thüringer Bahnhof. Kusini kulikuwa na Bayerischer Bahnhof. Bado Berliner na Eilenburger. Stesheni sita kwenye mji mmoja! Abiria wa Dresden aliyetaka kwenda Bavaria alishuka kaskazini, akakodi gari la farasi, akavuka mji mzima na masanduku yake, akapanda treni nyingine kusini. Shikeni hilo la kaskazini na kusini, tutalirudia.

Naenda kupika, nikirudi naendelea.

Fundi_Chuma · #2

Mkuu usitukatie utamu. Hilo la serikali mbili kwenye kichwa cha uzi ndilo lililonileta. Sisi Watanzania somo la serikali mbili tunalo tangu 1964.

Mtembea_Reli · #3

Nimerudi.

@Fundi_Chuma, Ujerumani iliyoungana mwaka 1871 ilikuwa dola yenye falme ndani yake, na kila ufalme mkubwa ulibaki na reli zake. Leipzig ilikuwa ndani ya Ufalme wa Saksonia. Lakini mwaka 1815, baada ya Napoleon kushindwa, Saksonia ilinyang'anywa sehemu kubwa ya ardhi ikapewa Prussia, ufalme wa jirani, kwa sababu mfalme wa Saksonia alikuwa upande ulioshindwa. Mpaka ukasogea hadi karibu kabisa na mlango wa Leipzig. Halle, ambayo leo ni mwendo mfupi tu wa treni, ilikuwa Prussia.

Miaka ilivyokwenda, serikali zikayachukua makampuni ya reli. Reli ya Dresden ikawa ya serikali ya Saksonia mwaka 1876. Zile za Magdeburg, Thuringia na Berlin zikaishia mikononi mwa Prussia. Kwa hiyo mwisho wa karne ya 19 mji mmoja wa Saksonia ulikuwa unahudumiwa na mashirika mawili ya reli ya wafalme wawili, kila moja na wafanyakazi wake, ratiba zake na fahari yake.

Kila mtu aliona kwamba inatakiwa stesheni moja kubwa. Hakuna aliyekubali kuwa mpangaji kwenye nyumba ya mwenzake. Suluhisho? Nyumba moja, nusu kwa nusu. Magharibi ya Prussia, mashariki ya Saksonia. Njia ya 1 hadi ya 13 Prussia, ya 14 hadi ya 26 Saksonia. Kila upande na ukumbi wake wa kuingilia, ofisi zake za tiketi, vyumba vyake vya kusubiria, uongozi wake. Zile ngazi mbili zilizonipotezea dakika 20 ni ngazi ya mfalme huyu na ngazi ya mfalme yule.

Mashindano ya ramani yalifanyika mwaka 1906. Wakashinda wasanifu wawili wa Dresden, William Lossow na Max Hans Kühne, mkwe na mkwewe. Mchoro wao waliupa jina la "Mwanga na hewa". Mnaolalamika kwamba majengo ya Wajerumani ni mazito, njooni msimame kwenye ule ukumbi wa juu saa tatu asubuhi, siku yenye jua, mtaelewa walikuwa wanamaanisha nini.

Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 16 Novemba 1909. Sasa fikirieni ugumu wake: zile stesheni tatu za kaskazini zilikuwa zimesimama palepale pa kujengea, na treni hazikuweza kusimama hata siku moja. Wakajenga kutoka magharibi kwenda mashariki, wakibomoa stesheni ya zamani moja baada ya nyingine, huku abiria wanaendelea kusafiri. Sehemu ya Prussia ikaanza kazi tarehe 1 Mei 1912. Jengo zima likakamilika tarehe 4 Desemba 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Lossow hakuliona, alifariki Mei 1914. Kühne akamalizia.

Gharama ilizidi mark milioni 130, zikagawanywa baina ya Prussia, Saksonia, mji wenyewe na posta.

Mbele jengo lina upana wa mita 298. Ukumbi unaopita mbele ya vichwa vya majukwaa una urefu wa mita 267, na nyuma yake matao ya chuma na vioo yanayofunika treni. Eneo la sakafu ni mita za mraba 83,460. Mtu akikwambia hii ni stesheni kubwa kuliko zote Ulaya, hicho ndicho kipimo anachotumia.

Abiria_wa_Alfajiri · #4

Hapo kwenye "kubwa kuliko zote" tuelewane. Mimi niko Hamburg mwaka wa tisa. Stesheni yetu ina abiria wengi kuliko yoyote Ujerumani. Na München wana njia 32. Leipzig ukienda mchana unaweza kucheza mpira mle ndani.

Mtembea_Reli · #5

@Abiria_wa_Alfajiri, yote uliyosema ni kweli. Ndiyo maana nimetaja kipimo. Kwa abiria, Hamburg inatushinda mbali. Hapa wanapita zaidi ya laki moja kwa siku. Kwa njia, zile 26 za mwanzo siku hizi zimepungua, nitaeleza. Lakini kwa sakafu, jengo ni hili.

Na ukubwa wenyewe haukuwa wa kujionyesha tu. Wakati wa maonyesho ya biashara mji ulifurika kwa wiki nzima, na stesheni ilipimwa kwa siku hizo, kama mtu anayenunua sufuria la pilau la shughuli wakati nyumbani wapo wanne.

Binti_Machame · #6

Shikamooni wakubwa. Mimi nimesimama kwenye jina Leipzig. Kwetu Machame hilo jina tumelisikia tangu utoto. Bibi alikuwa akisema "Wamisioni wa Laipsigi" kama vile anataja kijiji cha jirani. Ni Leipzig hiyohiyo?

Mtembea_Reli · #7

Marahaba dada. Ni hiyohiyo. Misioni ya Kilutheri ya Leipzig ilianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na Machame ni kati ya vituo vyao vya mwanzo kabisa. Bruno Gutmann, aliyekaa Old Moshi miaka mingi na kuandika sana kuhusu mila za Wachaga, alikuwa wa misioni hiyo. Makao yao yako hapa mjini mpaka leo, na uhusiano na Wakristo wa Kilimanjaro haujakatika.

Ila wale waliotumwa mwaka 1893 hawakuijua stesheni hii. Haikuwepo. Waliopanda treni hapa wakati ule walitumia zile sita za zamani.

Na kwa kuwa tumefika nyumbani: miaka ambayo mafundi walikuwa wanapandisha matao haya, Ujerumani hiyohiyo ilikuwa inatandika Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. Reli ikafika Kigoma Februari 1914. Huku Leipzig mafundi walilipwa mshahara, jengo likabaki la watu wa mji. Kule kwetu walioinua mataruma kwenye jua la Dodoma na Tabora walikuwa babu zetu, chini ya mkoloni, na faida ilipakiwa kwenye meli. Nasimama kwenye ukumbi huu naustahi ufundi wake, na hilo nalo nalikumbuka.

Binti_Machame · #8

Asante kaka. Nitamwambia mama, atafurahi kusikia ni mji wenye watu na treni, siyo jina la kanisani tu.

Mzee_wa_Mabehewa · #9

Vijana, mimi nilifanya kazi ya reli miaka 31, nimestaafu. Nataka kujua jambo la kiufundi. Stesheni hiyo reli inaishia ukutani? Yaani treni inaingia kwa kichwa inatoka kwa mkia?

Mtembea_Reli · #10

Shikamoo mzee. Ndivyo hasa. Treni zote zilikuwa zinaingia kutoka kaskazini, zinafika mwisho wa reli, kichwa cha treni kinatazama ukuta wa ukumbi. Ikitaka kuendelea na safari lazima igeuze mwelekeo. Enzi za mvuke, kama unavyojua kuliko mimi, hiyo ilimaanisha kukata kichwa upande mmoja na kufunga kingine upande wa pili.

Mzee_wa_Mabehewa · #11

Marahaba. Hiyo ni kazi. Kukata, kufunga, kupima breki upya, na ratiba haikusubiri. Na ukiwa na uongozi mbili kwenye yadi moja, nani anampa nani njia? Sisi tulikuwa na uongozi mmoja na bado tuligombana kwenye simu.

Mtembea_Reli · #12

Mzee umegonga penyewe. Baada ya vita wafalme waliondoka, na mwaka 1920 reli zote za Ujerumani zikaunganishwa kuwa shirika moja, Reichsbahn. Ungetegemea mgawanyiko uishe siku hiyo. Haukuisha. Nusu ya magharibi ikawa chini ya ofisi ya Halle, nusu ya mashariki chini ya ofisi ya Dresden. Mpaka mwaka 1934 ndipo stesheni yote ikawekwa chini ya mkono mmoja. Wafalme walikuwa wamekwishaondoka miaka 16, na bado ukuta wao usioonekana ulikuwa unafanya kazi.

Fundi_Chuma · #13

Na vita ya pili? 1934 tayari tuko kwa Hitler.

Mtembea_Reli · #14

Hapa naomba tuende taratibu.

Mwishoni mwa Oktoba 1938 serikali ya Wanazi iliamuru Wayahudi wenye uraia wa Poland wafukuzwe nchini. Leipzig walikuwepo wengi, kwa sababu ya biashara ile ya manyoya na maonyesho. Tarehe 28 polisi waliwatoa majumbani na kuwapeleka kwenye treni, na stesheni hii ndiyo iliyotumika. Lakini balozi mdogo wa Poland hapa mjini, Feliks Chiczewski, alifungua milango ya ubalozi. Watu wapatao 1,300 wakajazana ndani na kwenye bustani, na hao hawakupelekwa siku ile. Jina lake halitajwi sana, nami naona ni deni.

Kisha Januari 1942 treni ya kwanza ya kuwapeleka Wayahudi wa Leipzig mashariki iliondoka kwenda Riga. Zikafuata nyingine. Kwenye njia ya 24 leo kuna kumbukumbu ya waliochukuliwa. Watu wanapita na masanduku ya magurudumu, wengi hawasimami. Mara ya kwanza niliiona kwa bahati, nikitafuta choo. Nilisimama pale mpaka treni yangu ikaondoka bila mimi.

Mabomu yalikuja baadaye. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Desemba 1943 ndege za Uingereza ziliuchoma mji. Mtaa wa wachapaji, ambao ulikuwa moyo wa vitabu vya Ujerumani, uliteketea, vitabu kwa mamilioni. Angalieni tarehe: ilikuwa miaka 28 kamili tangu stesheni ikamilike. Stesheni yenyewe ilipigwa zaidi tarehe 7 Julai 1944 na ndege za Marekani. Sehemu ya paa la ukumbi mkubwa iliporomoka, ukumbi wa magharibi ukaharibika vibaya, watu wakafia ndani. Aprili 1945 Wamarekani wakaingia mjini. Julai wakawaachia Warusi.

Treni zilirudi mapema, zikipita chini ya matao yasiyo na vioo. Serikali ya Ujerumani Mashariki ikaamua kulijenga upya jengo kwa sura yake ya zamani, kazi ikaenda mpaka katikati ya miaka ya 60. Wangeweza kubomoa na kuweka boksi la zege, kama ilivyofanyika kwingi. Hawakufanya hivyo, na kwa hilo nawashukuru.

Katika miaka hiyohiyo, tarehe 15 Mei 1960, treni mbili ziligongana karibu na stesheni, watu 54 wakafa.

Mwana_wa_Kikwajuni · #15

Assalaam alaykum wana uzi. Nilikuwa nasoma kimya ila hapo kwenye Ujerumani Mashariki nimeshindwa.

Marehemu baba alikuwa miongoni mwa vijana wa Unguja waliopelekwa kusoma huko miaka ya 60. Kabla ya chuo walisomeshwa Kijerumani hapo Leipzig, Taasisi ya Herder. Alitusimulia mara nyingi alivyoshuka treni usiku. Alisema kitu cha kwanza kilikuwa harufu, moshi wa makaa unaokwangua koo. Cha pili ilikuwa kimo cha paa. Alisema aliinua uso mpaka kofia ikaanguka, akadhani yuko nje, akashangaa mbona hakuna nyota.

Majumba ya Wajerumani kwetu Kikwajuni na Kilimani mnayajua. Baba kila akipita pale alikuwa anataja Leipzig. Sikuwahi kuiona picha ya hiyo stesheni mpaka leo nilipoitafuta kwa sababu ya uzi huu. Nimeiangalia paa muda mrefu.

Mtembea_Reli · #16

Waalaykum salaam ndugu yangu. Mungu amrehemu mzee. Ule moshi ulikuwa wa makaa ya kahawia. Pembezoni mwa mji kulikuwa na machimbo makubwa, na kila nyumba iliyachoma. Siku hizi mashimo mengi yamejazwa maji, yamekuwa maziwa watu wanaogelea. Na bila shaka alishukia ndani ya jengo hili, kwa sababu treni za abiria kutoka Berlin ziliingia humu.

Kesho nikipita nitaangalia juu kwa niaba yake.

Mwana_wa_Kikwajuni · #17

Shukrani sana.

Dada_Salma_Ughaibuni · #18

Uzi mtamu. Kuna aliyetaja 1989? Mwalimu wangu wa lugha alikuwa kwenye maandamano na kila mara anasema "tulipofika mbele ya stesheni".

Mtembea_Reli · #19

@Dada_Salma_Ughaibuni, mwalimu wako anajua anachosema. Tarehe 9 Oktoba 1989, Jumatatu, baada ya sala kanisa la Mtakatifu Nikolai, watu wapatao 70,000 walitoka kuipinga serikali ya Ujerumani Mashariki na kuizunguka barabara ya duara inayozingira katikati ya mji. Barabara hiyo inapita mbele ya stesheni. Miezi michache nyuma China walikuwa wamewapiga risasi waandamanaji Beijing, na hapa polisi na askari walikuwa wamejazwa. Ilivumishwa kwamba hospitali zimeandaa damu. Watu walikuwa wanaimba "Sisi ndio wananchi!" huku wanaogopa. Pale kwenye uwanja wa stesheni ndipo wengi walihisi mambo yataamuliwa. Amri ya kuwapiga haikuja, polisi wakaacha njia, umati ukapita, ukazunguka mji. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguka.

Mbele ya stesheni siku hizi kuna kituo kikubwa cha tramu. Ukisimama pale jioni unasubiri tramu, mguu wako uko palepale.

Abiria_wa_Alfajiri · #20

Haya mimi nimekubali yaishe, hadithi ni nzito. Ila mkuu, yale maduka? Stesheni imekuwa soko.

Mtembea_Reli · #21

Hilo watu wa hapa waligombana nalo sana. Baada ya Ujerumani mbili kuungana fedha zikaja, na jengo lilikuwa limechoka. Sakafu ya ule ukumbi wa juu ikakatwa katikati, wakachimba chini, wakaweka maduka ghorofa mbili chini ya usawa wa majukwaa. Ikafunguliwa Novemba 1997. Njia za pembeni upande wa mashariki zikawa maegesho ya magari, ndiyo maana hesabu ya 26 haipo tena.

Maoni yangu? Kukata sakafu ya ukumbi kama ule kuliniuma niliposoma, maana pale palikuwa na uwazi mmoja usiokatika. Lakini nimeishi hapa. Sheria za Ujerumani Jumapili maduka ya mjini yanafungwa, na stesheni inaruhusiwa kuuza baadhi ya vitu. Jumapili jioni ukienda utakuta bibi kizee ananunua mkate, wanafunzi, wageni, kila mtu. Jengo lina watu. Kuna stesheni nyingi nzuri duniani zimekuwa makumbusho na hakuna anayeingia.

Kipande_cha_Tofali · #22

Mimi ni fundi ujenzi, niliishi Leipzig 2005 mpaka 2008. Naomba nichangie kuhusu Bayerischer Bahnhof kwa sababu mwanzisha uzi alisema tushike la kaskazini na kusini.

Stesheni ile ya kusini ilijengwa 1842. Ina lango la matao manne mbele, zuri sana. Walipoamua kuchimba handaki la reli kupita chini ya mji, lango lilikuwa limekaa juu kabisa ya sehemu ya kuchimbwa. Kubomoa hairuhusiwi, ni urithi. Unajua walifanya nini? Walilihamisha. Lote, limesimama, karibu tani 2,800. Aprili 2006 walilisukuma kwa jeki za maji mita 30 pembeni.

Nilikwenda kuangalia na wenzangu wa kazini. Ukikodoa macho huoni kitu kinasogea. Unasikia mashine tu. Nikachagua alama, mshono mmoja wa mawe kwenye nguzo ukiwa sambamba na mlingoti wa taa nyuma yake. Nikaenda kununua kahawa. Niliporudi, mlingoti ulikuwa umejificha nyuma ya nguzo. Mzee mmoja pembeni yangu alikuwa anatokwa na machozi. Oktoba mwaka uleule likarudishwa mahali pake. Nimejenga maghorofa mengi tangu hapo, lakini sijaona kazi nyingine ya kunifanya nishike kofia mkononi.

Mzee_wa_Mabehewa · #23

Tani 2,800 bila kupasuka! Hao mafundi wapewe heshima yao.

Mtembea_Reli · #24

@Kipande_cha_Tofali umenimalizia kazi, asante sana. Niongeze tu kwa nini handaki lile lina maana kwa hadithi hii.

Walipojenga stesheni kuu kabla ya 1915 walijua kasoro yake: imeziba upande wa kusini. Ili treni ipite kutoka kaskazini kwenda kusini lazima izunguke mji au igeuze. Kwa hiyo tangu wakati ule walianza kipande cha handaki chini ya jengo, kwa nia ya kufika Bayerischer. Vita ikakatiza. Fedha hazikupatikana tena, ikaja vita nyingine, ikaja Ujerumani Mashariki, mipango ikaandikwa na kuwekwa kabatini.

Kazi ikaanza kweli miaka ya 2000. Mashine ya kuchimbia waliipa jina la Leonie, ikapita chini ya mitaa ya zamani mara mbili, handaki moja la kwenda na moja la kurudi. Gharama ilipanda kutoka makadirio ya euro milioni 572 mpaka karibu milioni 960, wananchi wakalalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Desemba 2013 ikafunguliwa. Yule abiria wa Dresden aliyekodi gari la farasi kuvuka mji, leo anateremka ngazi ya umeme, anapanda treni ya chini, anapita stesheni ya Markt, anapita ya Wilhelm-Leuschner-Platz, anatokea Bayerischer. Dakika chache.

Tangu 1915 hadi 2013 ni miaka 98. Mimi napanda treni hiyo kila asubuhi kwenda kazini na bado kila mara, inapoingia gizani chini ya jengo, nawawazia wale walioanza kuchimba wakaitwa vitani.

Dada_Salma_Ughaibuni · #25

Mkuu, nitakuja Leipzig mwezi ujao na watoto, tunatokea Berlin. Naomba utupokee utuzungushe humo. Tukutane wapi? Na usiniambie chini ya ngazi.

Mtembea_Reli · #26

Karibuni sana dada, nitafurahi. Mkishuka msitoke nje. Fuateni ule ukumbi mrefu kuelekea mashariki mpaka njia ya 24. Kuna vichwa vya treni vya zamani vimewekwa pale, kimojawapo cha mvuke, cheusi, watoto watakipenda. Nitakuwa nimesimama karibu na ile kumbukumbu. Njia ya 24 iko moja tu.